Fundi Rimu na Kilomita Zake

Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa mwezi huu, saa kumi jioni, mpiga chapa wetu mkuu atazima mashine kubwa ya ofseti kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda hiki miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye faili lake la utumishi na limetulia humo. Hata mkewe akipiga simu mapokezi huomba kuongea na Fundi Rimu.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, msahihishaji wa prufu, zile nakala za majaribio kabla ya chapa, na si kwa sababu ya umahiri wangu. Mimi ndiye niliyepitisha kalenda yenye Februari ya siku thelathini, ikaning'inia kwenye kuta za wateja mwaka mzima, na tangu hapo kila ninachosahihisha husahihishwa. Nimepewa kwa sababu miaka minane iliyopita nilinasa ndani ya mashine pamoja na mstaafu, na watu waliowahi kunasa pamoja hawana siri kubwa baina yao.

Alianza kazi katika stoo ya karatasi, akipanga na kupakua. Mwaka wa pili alihamishiwa mashine ndogo ya rangi moja, baadaye ya rangi mbili, na mwishowe akakabidhiwa ile kubwa ya rangi nne, tunayoiita Bibi kwa kuwa asubuhi huanza kazi kwa kukohoa na haipendi kuharakishwa. Fundi Rimu aliijua kwa masikio. Angeweza kuwa amekaa kantini, kijiko kinaelekea mdomoni, akasema, "Wino wa njano unakwisha," na kweli ukikimbia kuangalia unakuta unakwisha. Vitabu vya hesabu vya darasa la tatu walivyosomea watoto wa nusu ya wafanyakazi wa hapa vilipita mikononi mwake, na hakuna ukurasa hata mmoja uliotoka umepinda.

Kantini nako aliacha historia. Alikuwa na msemo kwamba sahani ya kwanza ni prufu tu, hivyo lazima ije ya pili ndiyo iwe chapa kamili. Mimi, kama msahihishaji, niliidhinisha prufu ile kila siku ya kazi kwa miaka mingi, na nikala nakala yangu.

Jina la Rimu alilipata siku ya kupima afya. Muuguzi alikuja na mizani inayoishia kilo mia moja na ishirini. Fundi alipopanda, mshale ulizunguka, ukafika mwisho, ukakaa hapo kama mtu aliyekata tamaa. Ikabidi twende stoo, kwenye mizani ya karatasi. Kilo mia moja thelathini na moja. Akiwa bado amesimama pale juu, akapiga hesabu kwa sauti: rimu moja ya karatasi za kawaida ni kilo mbili na nusu, basi yeye ni rimu hamsini na mbili na karatasi chache za kuandikia barua. Stoo nzima ilicheka, naye akacheka kuliko wote. Mimi nilicheka hadi zamu yangu ilipofika. Nilitoka na rimu arobaini na saba, lakini jina lilikuwa limeshachukuliwa.

Kicheko kile kiliisha wiki tatu baadaye. Katikati ya Bibi kuna nafasi nyembamba ambayo mpiga chapa huingia, mashine ikiwa imezimwa, ili kufuta rola na kutoa karatasi zilizochanika. Fundi aliingia kama alivyoingia miaka yote, ila safari hii hakutoka. Nikapita upande wa pili nimvute mkono. Nilivuta kwa nguvu, nikasogea kidogo ili nivute vizuri zaidi, na hapo nikagundua kwamba waliohitaji kuvutwa sasa ni wawili. Mafundi wa mitambo walitumia dakika arobaini kufungua vifuniko. Tulitoka weusi kwa wino, mbele ya meneja aliyekuwa amevaa shati jeupe.

Meneja alimwita ofisini, nami nikaitwa kama kielelezo. Hakufoka. "Fundi, sikufukuzi kazi," alisema. "Lakini asiyeweza kuingia ndani ya mashine hawezi kuachiwa mashine. Ukaguzi unaofuata ni baada ya miezi sita. Ikishindikana, nitakupa kiti pale getini, uandike magari yanayoingia na kutoka."

Mchana ule Fundi hakwenda kuchukua sahani ya pili. Alikaa akiitazama ile ya kwanza, kisha akaniambia, "Getini nitakaa, ndugu yangu, kukaa si kazi ngumu. Lakini nitakuwa namsikia Bibi akikohoa mikononi mwa mtu mwingine." Nilikuwa nimezoea kumwona akicheka, na mtu mnene asipocheka watu hukosa pa kumweka.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshasahihisha vijitabu vitatu vya afya, nilijiteua kuwa mkufunzi wake. Nilitangaza kwamba tutakimbia. Alfajiri ya kwanza nilitokea na suti ya michezo niliyoinunua kwa kufuata matumaini badala ya kipimo. Tulikimbia nguzo tatu za umeme. Ya nne tuliiona kwa mbali. Magoti ya Fundi yalivimba siku mbili, na mimi nilipanda ngazi za ofisi kinyumenyume wiki nzima. Nikasema basi, twende jimu. Huko tulikuta vioo pande zote, kwa hiyo popote ulipogeuka ulijikuta unakuja. Fundi alipanda baiskeli ile isiyokwenda popote, akakanyaga dakika tano huku mwalimu kijana akimpigia kelele, akashuka na kuuliza kwa adabu amefika wapi. Nikaleta kamba ya kuruka. Jirani yangu wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza kama tunahama.

Hapo nilijiondoa kwa kisingizio cha kifundo cha mguu. Tatizo ni kwamba nilisahau ni mguu upi, nikawa nachechemea wa kulia asubuhi na wa kushoto jioni. Fundi aliona, akaninyamazia. Miezi sita ilikuwa imebaki mitano.

Alikwenda kwa daktari peke yake, kwa ajili ya magoti. Baadaye alinisimulia kwamba daktari yule, mama mmoja mpole mwenye miwani, hakuanza kwa kumgombeza. Alimuuliza, "Ukiwa huna kazi, ni kitu gani unakifanya bila kuambiwa na mtu?" Fundi akafikiri, akasema anapenda kusoma mabango ya barabarani na kuwacheka walioyaandika. Daktari alitabasamu, halafu akawa mkweli kabisa. Alimwambia kwa uzito ule, kukimbia ni kuyapiga magoti nyundo. Aanze na kutembea dakika kumi mahali tambarare, avae viatu vyenye soli nene, aende mwendo ambao bado anaweza kuongea, na aongeze kidogo kila wiki mwili ukikubali. Chakula apunguze, hilo halina mjadala. "Zoezi la kukufaa ni lile ambalo kesho utataka kulirudia," alisema. "Kama ni mabango, nenda ukayasome kwa miguu."

Jioni ile alinifuata mezani kwangu. "Kifundo kimepona?" akauliza. Nikasema kimepona. "Kipi?" akauliza tena. Nikachukua koti langu tukatoka.

Ndivyo tulivyoanza kuwinda makosa. Tuliweka kanuni: herufi iliyokosekana pointi moja, iliyozidi pointi mbili, na kosa linalobadilisha maana pointi tano. Siku ya kwanza tulifika duka la dawa na kurudi, dakika kumi na moja, tukihema kama Bibi asubuhi. Siku ya nne tulichoka tukatafuta ukuta mfupi wa kukalia, na tulipokuwa tunajishusha tukaona umeandikwa kwa rangi nyekundu: USITUPE TAKO HAPA. Tulisimama tena. Fundi alisema aliyeandika alikusudia taka, lakini kwa watu kama sisi onyo limefika penyewe. Zilikuwa pointi tano za kwanza, na tulicheka hadi nyumbani bila kukumbuka kupumzika.

Bucha moja ilitangaza nyama laini ya MGOMBE. Fundi, kwa uungwana wote, akamweleza mwenye bucha. Yule bwana akafuta kisu chake taratibu, akauliza, "Umekuja kununua au kusoma?" Tukaongeza mwendo, na ninaamini ndiyo siku tuliyotembea kwa kasi kuliko zote. Lakini ushindi mkubwa ulikuwa kwa seremala aliyeandika VITI VYA KULIA. Mimi nilidai ni kosa, kwani mtu hulia popote. Fundi alishikilia kwamba ni viti vya kulia chakula, na lugha iko sawa. Tulibishana kituo baada ya kituo, na tulipokumbuka kuangalia saa tulikuwa tumetembea dakika hamsini. Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria magoti.

Mtaa wetu ulipoishiwa makosa, tulilazimika kwenda wa pili, kisha wa tatu. Tukawa kiguu na njia. Mkewe Fundi, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliokota daftari la pointi mfukoni mwa suruali akadhani tumeanza kucheza kamari. Alipoelezwa, hakuamini, akafuatana nasi ili ahakikishe. Ndani ya nusu saa alikuwa na pointi kumi na nne. "Shemeji," aliniambia akionyesha bango la fundi cherehani, "hili mmelipita mara tatu, na wewe ndiyo kazi yako." Nyani haoni kundule. Hadi leo yeye ndiye anayeongoza.

Siku ya ukaguzi, mizani ya stoo ilisoma mia moja kumi na saba. Si wembamba huo, na wote tulijua hesabu ya kweli haitafanywa na mizani. Fundi alizima mashine, akatoa pumzi, akaingia kiubavu. Tulimwona bega, halafu hatukumwona. Kitu kidogo kikaanguka sakafuni, kifungo cha shati. Meneja aliangalia saa yake mara mbili. Kisha upande wa pili ukatokea mkono wenye kitambaa cha kufutia rola, na nyuma ya mkono akafuata mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Alikwenda moja kwa moja akamwasha Bibi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Meneja akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Endelea na kazi." Mimi nilienda kunawa uso. Nilisema wino umeniingia jichoni, jambo gumu kuaminika kwa mtu anayeshika kalamu tu.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Miaka minne iliyopita mkewe alianguka bafuni akavunjika mguu. Fundi alipika, akafua, akamwogesha, na kutembea kukasimama. Aliongeza kilo tisa. Mimi niliongeza kumi na moja, na kwangu hakukuwa na mgonjwa. Ilipofika miezi mitano, ni mwalimu mwenyewe aliyesimama mlangoni na magongo yake akasema, "Leo tunafika kwa fundi cherehani, basi." Dakika kumi. Tuliondoka watatu kwa mwendo wake. Fundi alikuwa anaona aibu kurudi mwanzo, lakini nilimsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba mwanzo anaufahamu, alishapita hapo.

Leo ana kilo mia moja na sita. Bado ni mtu mkubwa, na viti vyetu vya plastiki bado humwogopa. Daktari amempunguzia dawa za presha, ngazi za ghorofa ya tatu nyumbani kwake anazipanda bila kituo cha katikati, na mjukuu wake sasa hubebwa hadi juu badala ya kuachwa chini asubiri baba yake. Kazini amewafundisha wapiga chapa watatu. Mmoja wao, dada ambaye miaka sita amekaa kando yake akijifunza kusikiliza, ndiye atakayekabidhiwa Bibi Jumatatu. Juzi alikuwa kantini, akaweka kijiko chini ghafla akasema, "Bluu inakwisha." Fundi hakuinuka. Aliendelea kula, sahani yake moja.

Fundi, kiwanda hiki kinakushukuru kwa kila karatasi iliyotoka imenyooka, na kwa kutuvumilia sisi ambao hatukunyooka. Mimi binafsi nakushukuru kwa kuuliza kifundo kipi na kwa kutosubiri jibu. Afya iwe nawe na mwalimu wetu, nyumba yenu isikaukiwe vicheko, na miaka iliyo mbele iwe mirefu na tambarare.

Utawala ulipanga gari la kumpeleka nyumbani Ijumaa pamoja na zawadi zake. Amekubali zawadi ziende na gari. Mwenyewe ameomba atembee, ni kilomita nne na nusu, na mkewe atamsubiri getini saa kumi na robo. Wanaotaka kuwasindikiza wavae viatu vyenye soli nene. Hatutakwenda haraka, kwa sababu mimi nitakuwepo.