Niliisingizia Ndoo ya Maji

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu. Masheikh na wachungaji mliotuombea dua. Madaktari, wauguzi, na nyinyi wahudumu wa usafi ambao bila nyinyi nisingepasua hata jipu. Ndugu wageni waalikwa kutoka Handeni, Korogwe, Makuyuni na Mnyuzi, mliokuja kuniaga ninapostaafu. Na wewe mke wangu Mwanaisha, uliyekula chakula cha jioni peke yako kwa miaka thelathini na moja: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za mchana.

Mshereheshaji wetu amenisifu sana. Amesema mikono hii haijawahi kukosea. Nilimsikiliza nikajiuliza, huyu anamzungumzia nani? Kijana wangu Mikaeli, nakushukuru, lakini sasa itabidi nikusahihishe mbele ya wageni.

Mimi Mwinjuma, daktari msaidizi, nimewapasua kina mama wengi wa wilaya hizi mbili walipokwama kujifungua. Baadhi ya watoto wale wamo humu ukumbini. Wawili ni wauguzi, na mmoja ni trafiki pale Korogwe, ameshanisimamisha na faini akanitoza. Kazi hiyo najivunia na sitajifanya mnyenyekevu, maana nani amekuja hapa kumsikiliza mzee wa miaka sitini akijidharau? Lakini kumfungua mtu ni nusu ya kazi. Leo nataka kusema juu ya nusu ya pili, ile ya kumfunga.

Bi Rukaya, mke wa ndugu yetu Sabiri wa Ngombezi, amekaa pale safu ya tatu. Ninayosema nayasema kwa ruhusa yake, na mtasikia kwamba ni zaidi ya ruhusa. Miaka kumi iliyopita nilimpasua, mtoto akatoka salama. Baada ya miezi michache kovu likaanza kuvimba, kwa sababu ukuta wa tumbo ulikuwa umeachia na utumbo unasukuma ngozi kwa ndani. Sisi tunaita ngiri ya kovu. Nikamrudisha mezani, nikazivuta kingo mbili kwa nguvu mpaka zikakutana, nikashona. Mshono ukafumuka. Nikarudia, ukafumuka tena, na safari hii tundu likawa kubwa kuliko kiganja changu. Daktari aliyeshindwa mara mbili hufanya nini? Hutafuta wa kumlaumu. Nilisimama wodini, wagonjwa wote wanasikia, mama mkwe wake Bi Chausiku yuko kando ya kitanda, nikasema, "Huyu amebeba ndoo ya maji kabla hajapona."

Maneno yale yalifika mpaka nyumbani kwao. Kwa zaidi ya miaka sita Rukaya aliishi kama mkaidi aliyejiharibu mwenyewe. Msibani hakuweza kuinama kuosha masufuria, wakamwita mvivu. Gulioni walimuuliza mimba ina miezi mingapi. Sabiri alishauriwa na nduguze aongeze mke mwenye nguvu za kulima. Sabiri, ulikataa, na mimi nakuheshimu kwa hilo.

Kisha akaletwa kwetu Daktari Dorkasi Semboja, bingwa wa upasuaji, umri wa binti yangu wa mwisho. Akasema ukuta wa tumbo la Rukaya unajengeka upya. Nilicheka. Nikamwambia, "Binti yangu, nyama zenyewe zimekwisha, utavuta nini?"

Akanijibu, "Mzee, hatuvuti. Tunazilegeza."

Ndugu zangu, ukuta wa tumbo si nyama moja, ni tabaka juu ya tabaka. Daktari Dorkasi anazitenganisha tabaka hizo kwa nyuma, anauachia msuli mmoja wa ubavuni kila upande, na kingo zinasogea katikati bila kulazimishwa. Nyuma ya misuli anatandaza wavu mpana, mwembamba, nyama zinaota na kushikana nao. Halafu anafunga kwa mishono midogo ya karibu karibu, na kwa kila sentimita ya jeraha anatumia uzi usiopungua sentimita nne. Mimi hata mbili zilikuwa hazifiki, na nikijisifu kwamba nabana matumizi.

Siku moja kabla ya upasuaji Rukaya, ambaye hushona midomo ya magunia ya mahindi gulioni, aliniuliza, "Daktari, mimi ulinishona karibu karibu au mbali mbali?" Nikamjibu kwa ukali kwamba tumbo si gunia.

Kesho yake niliingia kama msaidizi. Tulipofungua tukaukuta uzi wangu wa buluu. Haukukatika, na fundo langu lilikuwa zima palepale. Uzi ndio uliokata nyama, kama waya wa dukani unavyokata sabuni ya mche, kwa kuwa niliukaza mno na mishono ilikuwa mbali mbali. Daktari Dorkasi aliuweka pembeni kwenye kitambaa. Akaniuliza tu, "Mzee, tuendelee?" Niliona aibu kubwa, na mpaka leo namshukuru kwa kutosema lingine. Tulimaliza baada ya muda wa saa tano. Sasa ni mwaka na nusu, Bi Rukaya analima na tumbo limetulia. Wengine ishirini wamefuata baada yake, hapahapa kwetu, bila kupelekwa mbali. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, huo ni ufundi, na ombi letu ni kwamba nyavu zile zisikosekane stoo.

Wiki iliyopita nilikwenda Ngombezi kumweleza Rukaya ukweli wa uzi ule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimekusikia, Daktari. Lakini lile la kwanza ulilisema mbele ya watu. Na hili nalo kaliseme mbele ya watu."

Basi nasema. Bi Chausiku, mkweo hakujiharibu. Mshono ulikuwa wangu. Bi Rukaya, nakuomba unisamehe.

Tangu siku ile ya kuukuta uzi nimekaa na daftari la chumba cha upasuaji. Wako wanawake kumi na wanne niliowafunga kwa mkono uleule na kuwaambia maneno yaleyale. Sita nimewapata. Wanane wamehama, simu zao hazipatikani, na huko waliko nadhani bado wanajifunga kanga mbili mbili kuficha tumbo. Huenda mmoja ni dada yako, au wifi yako, au jirani. Mwambieni aje kwa Daktari Dorkasi. Akikataa, akisema alijitakia mwenyewe, mwambieni kwamba Mwinjuma alisimama siku ya kuagwa kwake, mbele ya Mkuu wa Wilaya na mbele ya mkewe, akasema kosa ni lake yeye, si la mgonjwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunifikishia ujumbe huo.