Fundi Roho Juu na Mashine Mbili Zisizokutana

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa umeme wa hospitali aliyetutoka wiki hii, yule tuliyezoea kumwita Roho Juu. Jina alilipata kihalali. Taa ikicheza kidogo tu, yeye ameshaacha sahani na kusimama.

Kazi yake ilikuwa jenereta ya wadi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Umeme ukikatika, jenereta hiyo ndiyo inayowapa joto. Lakini ilikuwa imechoka, na ilibeba mizigo mingine miwili. Tangu jenereta iwake, pampu ya maji ilijiwasha kila dakika ya kumi na mbili. Mashine ya oksijeni, kila dakika ya kumi na nane. Moja ikiwaka peke yake, sawa. Zikiwaka pamoja, jenereta inakohoa na kuzima. Sasa piga hesabu: kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita. Kumi na nane mara mbili, thelathini na sita. Basi ikifika dakika hiyo, kimya!

Roho Juu akaumiza kichwa. Akazipanga mashine hizo kwa dakika kumi na moja na kumi na tatu, namba tasa zote mbili, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Hizo hazikutani mpaka dakika ya mia moja arobaini na tatu. Umeme haukuwahi kukatika muda mrefu hivyo. Jamani, alitamba huyo!

Kisha binti yake akajifungua mapema mno. Kichanga cha kuenea kiganjani. Na asubuhi moja umeme ukaenda, ukagoma kurudi.

"Baba alisimama kwenye dirisha la wadi," binti yake ameniambia. "Anamtazama mtoto, anatazama saa. Nikamuuliza, baba, kuna nini? Akasema, hakuna kitu, mwanangu. Na huku jasho linamtiririka."

Dakika ya mia moja arobaini na tatu, jenereta ikazima. Akavuta kamba, ikakataa. Akavuta tena, ikakataa. Manesi wakawaweka watoto vifuani, ndani ya nguo, ili wasipoe. Hatimaye ikawaka. Watoto wote walipona.

Akajaribu kuichelewesha mashine moja. Wapi! Namba tasa mbili tofauti, uzianzishe utakavyo, zitatafutana mpaka zikutane. Dakika ya hatari ilihama tu. Chakula hakikupita, usingizi haukuja. Mjukuu wake alikuwa bado yumo wadini.

Mkewe alikuwa akifuma blanketi la mtoto. Kwenye pindo aliweka fundo jekundu kila baada ya mishono kumi na miwili, na la bluu kila baada ya kumi na minane. Fundi akalizungusha pindo lote mikononi.

"Mbona hayakutani?"

"Yakutane ya nini, yaniharibie pindo? La bluu nimelianza mishono mitatu mbele."

Akahesabu kwa kidole. Kumi na mbili hugawanyika kwa sita. Kumi na nane hugawanyika kwa sita. Kwa hiyo pengo kati yao hukua na kupungua kwa sita sita. Ukianza na pengo la mishono mitatu, sita haiwezi kulimaliza. Hayakutani leo, hayakutani kamwe! Alitoka mbio bila hata kumshukuru mama wa watu.

Akarudisha kumi na mbili na kumi na nane, moja ikianza dakika tatu nyuma ya mwenzake. Mashine hizo hazikugongana tena.

"Nikadhani sasa atatulia," anasema mjane wake. "Thubutu! Umeme ukikatika, huyo, anakwenda kusimama pale kwenye jenereta. Namwambia, mume wangu, hazikutani. Ananijibu, najua, lakini acha nisimame."

Siku ya mazishi umeme ulikatika. Mjukuu, yule yule wa kiganjani, sasa msichana mkubwa, akatoweka msibani. Mama yake alimkuta kule hospitali kando ya jenereta, ameshika kamba.

"Mwanangu, hujui kwamba hazikutani?"

"Najua, mama."

Kwa mjane, kwa binti na kwa mjukuu: poleni sana. Mungu ampumzishe fundi wetu, sasa atulie. Nasi, wasikilizaji wapendwa, taa zikizima leo, tumfikirie mtu mmoja aliyesimama mahali kwa ajili yetu, roho juu, wakati sisi tunangoja tu ziwake.