Siku Mia Mbili za Mwalimu Zorobabel

Wachungaji wetu, walimu, wanafunzi wa zamani na wa leo, majirani wa hapa Butembo na ninyi mliotoka Beni na Oicha, mimi ni Éliakim Muyisa, fundi wa moto, hizi pikipiki, mdogo wa marehemu wa kumfuata, jamaa wamenipa kazi ya kusoma karatasi hii, nami nimeiandika kwa mkono wangu, donc kosa likiwamo ni langu.

Zorobabel Kambere Lusenge alizaliwa Kanyabayonga tarehe 9 mwezi wa nane 1967, mtoto wa tatu wa mzee Esdras, mlimaji na shemasi, na mama Victoire, na ingetupasa kumrudisha kule alale karibu nao, mais mnajua wenyewe barabara ilivyo na vita hii, ndiyo maana atalala hapa.

Alisoma primaire Kanyabayonga, secondaire hapa Butembo, akapata diplome d'État mwaka 1986 na graduat ya biolojia na kemia mwaka 1990, na kila likizo alirudi nyumbani na cahier zake, madaftari ya masomo, ambamo mimi, niliyefukuzwa mwaka wa nne kwa kupiga teke meza ya mwalimu, nilijifunza kusoma Kifaransa peke yangu, na ndimo nilimoona mara ya kwanza neno krill.

Mwezi wa tisa 1991 alianza kufundisha katika shule moja ya secondaire kule Oicha, akakaa miaka karibu thelathini, na tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 1993 alifunga ndoa kanisani Beni na da Jokébed Katungu, Mungu akawapa watoto watano, wa kwanza wao Falonne, na wajukuu kumi na mmoja.

Marehemu hakuona bahari hata siku moja, lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la bahari ya barafu kule mwisho wa dunia, na kwa asiyejua, krill ni kadudu ka bahari ile, karefu kama kidole cha mtoto, kenye ganda jepesi na macho meusi, kanakula majani madogo sana yanayoota chini ya barafu, nako kanaliwa na samaki, na pengwini, ndege asiyeruka, na foka, mnyama mnene wa mafuta, na nyangumi, yule tunayesema alimmeza Yona, ambaye anameza maelfu ya kilo kwa siku, hivi kwamba wakubwa wote wa maji yale wanaishi kwa kale kadogo, na barafu ikipungua kadogo kanakosa pa kula, na wakubwa wanafuata.

Ili waelewe, aliwatoa uwanjani wakashika kamba moja ndefu, huyu majani, yule pengwini, yule nyangumi, wote wakiegemea nyuma kwa nguvu, na krill alikuwa siku zote mdogo wa darasa, akiambiwa aachilie, wakubwa wanaanguka mavumbini huku wanacheka.

Mdogo wa darasa la mwisho aliloliongoza Oicha alikuwa Bénite, wa miaka kumi na tatu, binti wa mama Virginie Kanyere, na aligombana na mwalimu kila mara, « Mwalimu, miye tena krill? Nitakuwa nyangumi lini? », naye anamjibu, « We ndiyo unatusimamisha sisi bote, nyamaza ushike kamba. »

Hapa jana mchana jamaa walikaa, wakanipa shauri la kuruka mwaka 2020, dada yetu akasema, « Éliakim, soma tarehe tu, hapana ingia mu ile mambo ya Oicha, batu banakuja kulia, habakuji kusikia kesi », nikamjibu kwamba karatasi ikidanganya mwaka mmoja, hata siku ya kuzaliwa hapana mutu ataamini, tukapigiana kelele mpaka majirani wakaja, na mnaona karatasi ninayo mimi.

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2020, siku ya pili ya juma, Bénite alifika masomo kabla ya wote, mlango haujafunguliwa, na kamba ya shule, ile ya somo la krill, ilikuwa imefungwa kwenye mlingoti wa bendera, donc mwalimu akamwambia, « Kimbia kwenu, ulete ile kamba ya mbuzi, rudia mbio », akakimbia kupitia shamba la kakao, kwao hapakuwa na mtu wa kumwona, na kamba mwalimu aliiona baadaye njiani, asimwambie mtu, Bénite hakuonekana mpaka leo, wala mwili wake, kwa sababu watu wa mapanga walikuwa wameingia mashambani asubuhi ile.

Risasi ziliposikika na wanafunzi wakatawanyika, kaka yangu alibaki peke yake darasani, akafungua registre ya majina, akaandika mbele ya jina la Bénite absente, hayupo, na mama yake alipokuja kumwuliza mtoto, akamwonyesha mstari ule, akasema, « Mama, leo hakufika masomo. »

Tangu siku hiyo hakushika tena somo lile, mais lilimshika yeye, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba krill kakikosa chakula hakafi upesi, kanakonda, kanabadili ganda na kuwa kadogo kuliko jana, na kanaweza kufikisha siku mia mbili bila kula, akaanza kuchora mistari ya chaki nyuma ya mlango wa chumba, mmoja kila siku, na tarehe 8 mwezi wa nane, mstari wa mia mbili, alikaa kizingitini akiangalia njia hadi mvua ikamlowanisha, kesho yake akafuta mlango kwa kitambaa, akaanza tena na mmoja.

Mwaka 2021 alikimbilia hapa Butembo na jamaa yake, akaendeleza mistari kwenye mlango wa hapa, akapata darasa, na kila asubuhi alimaliza kuita majina kwa kuita Bénite, anangoja, watoto wasiomjua wanaogopa kupumua, mpaka siku moja mcheshi wa nyuma akajibu kwa sauti ya kike, « Présente! », darasa likacheka, na yeye akaangusha registre, akaenda nyumbani kwa miguu, akamwambia mke wake kwamba ilikuwa sauti yenyewe.

Ugonjwa wa figo ulimkamata mwezi wa kumi 2024, akaingia na kutoka hospitali mwaka mzima, na siku za kitanda da Jokébed alimchorea mistari bila kuuliza, na tarehe 11 mwezi huu aliniita, akanieleza yote niliyowasomea, akasema, « We hapana jua kuficha, ndiyo maana nakuachia », nikatoka nimekasirika bila kumuaga, na sikumkuta tena akisema, akafa tarehe 15 mwezi wa kumi 2025, saa nne ya asubuhi, mlango ukiwa kwenye mara ya kumi na moja, mstari wa tisini na nne.

Mama Virginie Kanyere, uko pale kati ya wamama wa Oicha, umepanda moto leo kuja kumlilia mwalimu wa mtoto wako, na miaka hii yote unasema kanisani kwamba Bénite alikudanganya, alikuaga anaenda masomo akaenda kutembea, na wadogo wake unawachapa kwa ajili ya hilo, sasa usikie mbele ya watu: Bénite hakutoroka, alifika wa kwanza, alitumwa, na alitii.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotubebea maji na kuni, walimu wenzake waliomshikia darasa, na kwaya.

Karatasi za namna hii zinamaliza kwa kumtakia marehemu amani, na mimi ningependa, ni kaka yangu, mais kulisema neno hilo mbele yako sina haki, mama Virginie. Sanduku halijafungwa. Njoo umwambie unachotaka kumwambia, hata kama ni matusi, wenye majembe watangoja.