Udongo wa Mzee Ndayiragije

Kwenye basi la Kasulu, Mzee Ndayiragije alikuwa akitafuna udongo mweupe, ule wa wajawazito. Isihaka, muuza duka aliyeketi naye, akacheka. “Mzee wangu, unajifungua lini?” “Cheka tu. Saratani ya tezi dume imenifika mifupani. Daktari anasema mifupa inanyang’anya damu madini ya chokaa, ndiyo maana vidole vilijikunja.” “Akakupa udongo?” “Alinipa vidonge. Udongo nimejiongezea mwenyewe, maana nao ni mweupe kama chokaa.” “Utaziba tumbo, mzee!” “Lakini tazama.” Akakunjua vidole vyote.

Nyuma yao Immakulata alisikia kila neno. Baba yake alikuwa na saratani hiyo hiyo, na vidole vyake vilipojikunja, nyumbani walianza kutafuta mchawi. Basi liliposimama kituo cha Titye, aliinama kwa aibu, lakini akauliza: “Babu, daktari huyo yuko hospitali gani?”