Sikio la Mélissa na Nyuso Arobaini

Hebu fumba macho kidogo, msomaji wangu, uone ninachokiona. Ni Jumamosi ya Februari, mwaka 1998, saa mbili na ushei asubuhi, upande wa Rexdale, mjini Toronto. Theluji ya juzi imerundikwa kando ya uwanja wa magari na imekwisha kuwa nyeusi kama masizi. Chini ya paa moja kuna duka la kufulia nguo, mgahawa wa donati, na duka la dawa ambalo halijafunguliwa. Ndani ya mgahawa, chini ya kibao kinachomwonya mteja asikae zaidi ya dakika ishirini, kuna benchi la plastiki rangi ya chungwa. Wenyewe wanaliita Bungeni. Kibao hicho wamekishinda kwa sheria moja: anayeulizwa swali akakosa jibu, ananunua kahawa ya duru inayofuata. Kahawa mpya huleta dakika ishirini mpya, na kwa kuwa wa kukosa jibu hapungui, hawajawahi kufukuzwa.

Aliyefika wa mwisho siku hiyo alikuwa Hyacinthe, Mrundi wa Bujumbura. Pale benchini wanamwita Kimya, maana masikio yake hufanya kazi kuliko mdomo. Alikuwa ametoka moja kwa moja zamu ya usiku, kwenye ghala la karibu na uwanja wa ndege. Masikio yake yalikuwa bado yanasikia kilio cha binti yake Mélissa, wa miaka mitano, aliyemwacha saa nne usiku akiwa ameshika sikio la kushoto kwa mikono miwili. Yalikuwa yanasikia pia maneno ya mkewe, Donatienne, aliyosema akimfungulia mlango: “Kesho usirudi hapa mikono mitupu.”

Mfukoni mwa koti alikuwa na karatasi mbili. Alizitoa, akaziweka mezani kati ya vikombe.

Wa kwanza kuzidaka alikuwa Alnasir, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani kwa gari la duka lile lile la jirani. Kwa hiyo wanamwita Nusu Daktari.

Nusu Daktari: Hiki ni cheti cha dawa. Antibiotiki, ile ya pinki. Mbona hujaichukua tangu jana, yakhe?

Kimya: Daktari amesema nikiweke mfukoni.

Nusu Daktari: Mfukoni? Dawa ya sikio inatiwa mfukoni?

Kimya: Amesema tungoje siku mbili. Tumpe ile dawa ya maji ya maumivu, tumwangalie. Homa ikipanda, au atapike, au kesho jioni liwe bado linamuuma vilevile, ndiyo niende nichukue. Amesema utafiti umeonyesha watoto wengi wanapona bila hiyo antibiotiki.



Ndegwa, Mkenya wa Nyeri anayeitwa Redio kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea, alikuwa wa kwanza kuingia hewani.

Redio: Maze, hiyo ni mambo ya budget. Serikali imefunga hospitali, imepunguza manesi, sasa wamefika kwa dawa. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nusu Daktari: Huyu mtoto anaumwa sikio. Tumbo limeingiaje?

Mzee Rahemtulla akaweka kikombe chini. Huyu aliendesha duka Mwanza kwa miaka thelathini kabla ya kuja kwa wanawe, na hata leo huzungumza ameegemeza viwiko mezani kama mtu aliye nyuma ya kaunta. Basi jina lake ni Mzee Kaunta.

Mzee Kaunta: Arre, nyie vijana hamjui biashara. Mimi sukari ikiniishia dukani, nilikuwa namwambia mteja sukari inaharibu meno. Huyo daktari dawa imemwishia, basi. Na wewe Kimya usihuzunike sana, mwanangu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Redio: Mzee!

Nusu Daktari: Astaghfirullah, Mzee Rahemtulla!

Mzee Kaunta: Nimesema methali! Sikusema sikio hili! Hili litasikia. Litasikia vizuri tu.

Kimya hakukasirika. Alichukua karatasi ya pili akainyoosha kwa kiganja. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amemchorea safu mbili za nyuso za watoto, ishirini juu na ishirini chini, duara baada ya duara, kama kazi ya darasa la kwanza. Jana, pale kliniki, Kimya alikuwa ameelewa kila kitu. Leo, baada ya kupakia makontena usiku kucha, alijaribu kukumbuka alichokuwa ameelewa.

Kimya: Hawa wote waliumwa sikio. Wa juu hawakupewa dawa. Wa chini walipewa. Baada ya siku chache, juu kumi na saba wanacheka. Watatu bado linawauma.

Redio: Na hapo chini?

Kimya: Kumi na nane wanacheka. Wawili bado.

Mzee Kaunta akahesabu kwa ncha ya kijiko. Akahesabu tena, kutoka kulia.

Mzee Kaunta: Yaani watoto ishirini wamekunywa dawa, na aliyeongezeka kupona ni mmoja?

Kimya: Ndivyo alivyosema. Mmoja.

Mzee Kaunta: Na hawa wawili wa chini? Wamekunywa na hawakupona? Hao wamrudishie nani mzigo?

Nusu Daktari: Haiwezekani! Mimi kwa siku napeleka chupa thelathini. Kama haifanyi kazi, thelathini zinakwenda wapi?

Redio: Zinakwenda kwa watu. Hilo si jibu. Nunua kahawa.

Nusu Daktari akaenda kaunta akinung'unika. Aliporudi na vikombe vinne, Redio alikuwa tayari ameishika ile karatasi juu kwenye taa, kama anayekagua noti bandia.

Redio: Wasee, nimeelewa. Hawa watoto ni wazungu. Angalieni, wote weupe.

Kimya: Ni karatasi ndiyo nyeupe, Ndegwa.

Redio: Sikiza kwanza. Sikio lililozaliwa kwa baridi limezoea baridi, linajipigania lenyewe. Letu lilizaliwa mahali pa joto...

Kimya: Mélissa alizaliwa hapa Etobicoke.

Redio: Zii, hapana, sikio alilitoa kwako. Pili, hawa kumi na saba hawakuwa wagonjwa. Mtoto alitaka kukosa shule tu. Tatu, na hii msiseme imetoka kwangu, ni kompyuta. Mwaka elfu mbili ukifika, kompyuta zote zitasahau tarehe. Maduka ya dawa hayatajua chupa gani imepitwa na wakati. Kwa hivyo madaktari wameambiwa waanze kufanya mazoezi mapema, watibu na penseli.

Mzee Kaunta: Hilo la kompyuta lina akili. Kinga ni bora kuliko tiba.

Kimya aliwasikiliza, akahisi kichwa chake kinajaa kama lifti ya jengo lao saa za kwenda kazini. Hakuwa anataka kujua habari za mwaka elfu mbili. Alitaka kujua kitu kimoja tu. Akaweka kidole kwenye safu ya juu.

Kimya: Sasa mniambie. Mélissa ni yupi hapa?

Wakainama wote watatu juu ya karatasi, vichwa vikakaribia kugongana.

Nusu Daktari: Huyu wa pembeni. Amenuna.

Mzee Kaunta: Hapana, mtoto wako ana uso wa bahati. Huyu hapa, wa saba.

Redio: Haki ya Mungu, hata daktari hajui. Angejua, angekuandikia jina.

Kimya alikumbuka kwamba hilo alimuuliza daktari. Na daktari alimtazama kwa huruma ya kweli, akamwambia hajui. Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Nyumbani kwao daktari asiyejua halisemi. Na huyu alikuwa amelisema kwa utulivu, kama mtu anayekutajia saa.

Nusu Daktari: Basi tuache utafiti, tuseme mambo tuliyoyaona kwa macho. Mwanangu mkubwa, majira ya baridi yaliyopita, sikio. Nikampa ya pinki. Siku ya tatu, yuko mzima, anateleza kwenye barafu. Nani atanibishia?

Mzee Kaunta: Mimi sikubishii, lakini mjukuu wangu Shaila hakunywa kitu cha chupa. Nyanya yake alikaanga kitunguu saumu, akakifunga kwa kitambaa, akamwekea nyuma ya sikio. Siku ya tatu, mzima.

Redio: Kitunguu! Mathee wangu alinipigia simu kutoka Nyeri, usiku huko. Akasema chumvi, ipashe moto, itie kwa soksi, mtoi ailalie. Na iwe soksi ya baba. Siku ya tatu, mtoi anakimbia. Sasa hiyo utafiti iko wapi?

Nusu Daktari: Soksi zako zingeweza kumfufua hata maiti.

Kimya naye alikuwa na lake. Kaka yake Mélissa, Iteka, mwaka jana aliumwa hivyo hivyo. Walimpa chupa nzima ya pinki, akapona siku ya tatu, ingawa wiki yote alikuwa mbio chooni. Donatienne alizisahau mbio za chooni, akaikumbuka chupa. Ndiyo maana alisema asirudi mikono mitupu.

Kimya: Iteka pia ni siku ya tatu. Lakini aliharisha wiki nzima.

Redio: Si nilisema matumbo?

Wakati huo meza ya pili alikuwa amekaa mama mmoja na kikapu cha nguo miguuni, akingoja mashine zimalize kule kwa jirani. Alikuwa Pulchérie, wa Bukavu, aliyefika nchini wiki tatu zilizopita na bado alikuwa anavaa sweta mbili. Aliposikia Kiswahili alikuwa amekisikiliza kwanza kwa raha tu, kama mtu anayesikia redio ya kwao. Sasa aligeuza kiti.

Pulchérie: Pardon, wababa. Naweza kuuliza kitu?

Mzee Kaunta: Karibu sana, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pulchérie: Nyinyi bote munasema siku ya tatu. Mwenye chupa, siku ya tatu. Mwenye kitunguu, siku ya tatu. Na mwenye soksi.

Redio: Kabisa. Siku ya tatu.

Pulchérie: Na kama hamungewapa kitu, wangepona siku ya ngapi?

Nusu Daktari alianza kuhesabu siku kwa vidole, akarudia kuanza. Mzee Kaunta alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu afike Canada, hakuipata.

Redio: Si... ingekuwa ya nne?

Pulchérie: Ulimwona nani, akapona ya nne?

Redio: Basi wewe tuambie.

Pulchérie: Mimi sijui, baba. Ndiyo maana nauliza.

Kimya aliitazama tena karatasi. Safu ya juu. Alikuwa ameihesabu mara kumi bila kujiuliza imewekwa pale kwa nini. Kumbe mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kuuliza swali hili la Pulchérie, na hakuridhika kulijibu kwa kuapa. Alitafuta watoto wa kuwapa dawa na watoto wa kuwapa maji ya sukari, akakaa akawangoja wote. Jibu lilikuwa hapa mezani, limechafuka kahawa. Lakini lilikuwa jibu la watoto ishirini. La Mélissa peke yake halikuwepo, na pale benchini hakuna aliyeweza kulichora.

Nje, mtu alianza kuinua shata ya duka la dawa. Ilikuwa saa tatu.

Nusu Daktari: Kimya, nipe cheti. Nakutolea sasa hivi, kabla foleni haijaanza.

Kimya alisimama, lakini alikwenda kwenye simu ya ukutani karibu na mlango. Ilipokelewa mara moja.

— Donatienne, mtoto je?

— Alilala saa kumi alfajiri. Sasa anakula uji.

— Homa?

— Imeshuka. Sikio analishika, lakini halii. Bon, dawa umepata?

Kimya aligeuka akaitazama ile meza. Si mzima, si mgonjwa, alijisemea. Kama jana usiku angekuwa amempa ile ya pinki, saa hizi benchi lote lingekuwa linaiimbia sifa, na yeye angekuwa anaongoza kwaya.

— Ile ya maumivu imebaki?

— Imekwisha usiku.

— Nakuja nayo. Hiyo nyingine tungoje mpaka kesho, kama daktari alivyosema. Ukiona homa inarudi, usiningoje, nenda naye kliniki.



— Wewe una hakika, Baba Iteka?

— Sina. Ila nitakaa naye mimi, nimwangalie. Wewe ulale.

Alirudi mezani, akakunja cheti cha dawa, akakirudisha mfuko wa ndani. Karatasi ya nyuso aliikunja taratibu zaidi. Msichana wa mgahawa alikuwa anawatazama wazee, kisha kibao, kisha wazee. Vikombe vilikuwa vikavu. Kwa sheria ya Bungeni, wote wanne walikuwa wameshindwa jibu, na sheria haikuwa imesema nani aanze kununua. Kimya alipofika mlangoni na kuvuta kofia masikioni, aliwaacha bado wanabishana juu ya hilo, Mzee Kaunta akisema mwenye umri husamehewa, Redio akisema aliyeuliza ndiye anunue, na Pulchérie akiwa amekwisha kwenda kutoa nguo zake.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, si neno ukisahau hesabu ya nyuso, hata soksi ya Ndegwa. Nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu. Siku utakapomsikia mtu anaapa kwamba dawa fulani ilimponya mwanawe siku ya tatu, usimcheke, wala usiikimbilie chupa. Muulize kwa upole lile swali la mama mwenye kikapu, kisha mwachie nafasi afikiri.