Ubavu Wangu Uliposikika

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Mama Kemilembe, yule mjane wa nyumba ya mwisho kabla ya bonde. Wengi mnanifahamu kwa mgongo tu, maana karibu mwaka mzima nimeketi benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka. Leo nimekuja mbele.

Miaka ya nyuma nilikatwa ziwa la kushoto kwa sababu ya kansa. Nikapona, nikamshukuru Mungu. Kisha mume wangu akatangulia, Kemilembe wangu akaolewa Bukoba, kule Kahororo, nikabaki hapa Muleba na kibanja cha migomba na mibuni. Msimu wa kahawa uliopita maumivu yakaingia ubavuni, upande uleule wa kushoto. Nikasema moyoni, imerudi!

Nikapigwa eksirei. Mbavu zote nzima. Nikarudi mara ya pili, nzima. Mkaniambia ni majonzi ya mume. Wengine, nanyi mnajijua, mkasema Mama Kemilembe anataka tu kutembelewa. Basi hamkunitembelea! Kila Jumapili baada ya ibada niliweka kahawa ya kutafuna, akamwani, kwenye kikapu chake, kama tunavyomkaribisha mgeni. Kila Jumapili nilikirudisha kabatini kikiwa kimejaa. Mawe, mama yangu, nilikuwa mpweke! Nilifika mahali pa kuijibu redio.

Kemilembe ndiye aliyenivuta hadi hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Wakanichoma mshipani dawa ya mionzi, ambayo hukusanyika pale mfupa unaposumbuka, ili mashine ipige picha ya mwili mzima. Muuguzi akasema hadi kesho nisikae karibu na watoto wala mjamzito. Na Kemilembe alikuwa na mimba ya miezi saba! Akaketi upande mmoja wa ua, mimi upande mwingine, tukapungiana mikono. Kwa muda wa saa tatu nilikunywa maji peke yangu nikiomba maneno yaleyale: Bwana, nisizikwe kabla sijampakata mjukuu.

Picha ikaonyesha doa moja ubavuni. Daktari akaeleza kwamba kwa mtu aliyewahi kuugua kansa hawabahatishi. Lazima wakate kipande cha mfupa wakakipime. Lakini doa lile eksirei haikuliona, na kwa mkono halishikiki. Kwa hiyo kesho yake, dawa ikiwa bado mfupani, wangelitafuta kwa kichombo kinacholia kikilikaribia.

Kabla ya nusu kaputi daktari akakipitisha juu ya ngozi yangu, kitu kama kalamu nene yenye waya. Ti... ti... Akakisogeza. Ti, ti, ti. Kikafika pale, palepale nilipokuwa nikiwaonyesha watu miezi yote ile, kikalia mfululizo!

"Mama, ni hapa?"

"Ni hapo, baba!"

Nikalia machozi. Wakadhani naogopa kisu. Ndugu zangu, hakuna aliyekuwa amesikia maumivu yangu, na sasa chumba kizima kilikuwa kinayasikia.

Wakakata, wakashona, nikarudi Muleba kungoja majibu. Majuma matatu peke yangu! Nilikwishachagua kitenge cha kuzikiwa, nikakikunja juu ya kiti. Tulipoitwa, daktari akasema, "Mama, hakuna kansa. Mfupa ulipasuka, ukawa unajiunga vibaya. Ulianguka wapi?"

Nikainamisha kichwa.

"Mama, waitu, tafadhali, sema!" Kemilembe akanikazia macho.

Basi sikilizeni aibu yangu. Msimu ule sikuwa na mtu wa kunichumia kahawa, nikapanda mbuni. Ndiyo, mimi, mwanamke wa Kihaya, mama mkwe wa watu, juu ya mti, na kwetu mwanamke hapandi! Tawi likakatika. Sikumwambia daktari wa kwanza, wala wa pili, wala mchungaji. Hata Mungu sikumwambia, kana kwamba hakuniona nikining'inia.

Kemilembe alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akaniuliza, "Mbona hukuniita nije kuchuma?"

Mjukuu amezaliwa, ndugu zangu! Nimempakata upande huuhuu wa kushoto, na hapaumi. Namshukuru Bwana aliyenisikia nilipokuwa sitaki kusema. Wewe unayeketi benchi langu la nyuma, mtumaini yeye, anajua panapokuuma. Halafu sema, hata kama ni aibu. Mimi nitakuja kukusikiliza, hata kama picha zako zote ni nzima.

Na leo baada ya ibada kikapu kipo mezani. Naombeni nikirudishe kabatini kitupu. Kahawa ya shambani nayo imeanza kuiva, na mimi mtini sipandi tena!