Magwanda Arobaini

Stoo: Haloo? Nani mwenzangu?

Fundi: Ni mimi.

Stoo: Mimi ndiyo nani? Namba hii siijui.

Fundi: Dada yako. Nimeazima simu ya mwenzangu, yule wa kutia vifungo. Hujambo?

Stoo: Aa, dada. Shikamoo. Mbona unanong'ona?

Fundi: Marahaba. Niko kazini, nimejibanza nyuma ya marobota ya vitambaa. Uko wapi?

Stoo: Mama yuko—

Fundi: Mama mzima. Jana alikwenda kusafishwa damu, karudi, kala. Nimekuuliza uko wapi.

Stoo: Hospitali bado wanampokea? Maana nasikia huko kwa Mjomba, ng'ambo ya mpaka, siku hizi mgeni akikohoa tu anaulizwa—

Fundi: Wanampokea. We mtoto, jibu swali.

Stoo: Mtoto ana miaka thelathini na sita, dada, ni mtunza stoo, na ana watu tisini na nne wa kuwavalisha. Niko kambini. Tuko wote humu kwenye kile kiwanda cha pamba, tunawasubiri nyinyi.

Fundi: Sisi tena?

Stoo: Si nyinyi mafundi wa Mjomba? Magwanda mapya yanafika leo saa tisa. Nimeshakusanya ya zamani yote, nimeyafunga mafungu. Ungewaona wapiganaji wangu. Fulana na kaptula. Mpishi kajifunga taulo, na taulo lenyewe linamtosha kwa taabu. Utadhani timu ya mpira imeibiwa jezi. Haloo? (mtandao unakwaruza) Haloo, umenipo—

Fundi: Nani aliwaambia mvue?

Stoo: Mshauri. Nani mwingine?

Fundi: Yule afisa wa Mjomba anayekaa na nyinyi hapo?

Stoo: Huyo huyo. Kasema magwanda yote yarudi, yahesabiwe. Na bunduki tuziweke ghalani, mafundi wao wanakuja kuzikagua.

Fundi: Mmeziweka?

Stoo: Zote. Mimi ndiye niliyewapigia watu kelele, maana walikuwa wanavutavuta miguu.

Fundi: Ufunguo wa ghala unao?

Stoo: Kufuli ni lake. Ufunguo anao yeye.

Fundi: Na yeye yuko wapi?

Stoo: Aliitwa mkutanoni, jana. Anarudi na malori. Dada, unaniuliza kama polisi.

Fundi: Ameacha vitu vyake?

Stoo: Si anarudi leo, ataachaje... (anasita) Birika alibeba. Nilimtania hata, nikamwambia mkutano gani huo usio na chai.

Fundi: Na godoro?

Stoo: Alisema lina kunguni, analipeleka likapigwe dawa.

Fundi: Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Redio mnasikiliza?

Stoo: Betri alizichukua wiki iliyopita. Kasema ataleta mpya. Kuna nini?

Fundi: Taarifa ya saa saba. Kituo cha forodha, upande wa huku kwa Mjomba, kimechomwa asubuhi. Watu kumi na wanane wamekufa. Wengine ni kina mama waliokuwa kwenye foleni na mizigo yao. Wanasema ni nyinyi.

Stoo: Sisi?

Fundi: Wanasema mmeonekana. Gwanda la kijani, bega la kahawia.

Stoo: Sisi asubuhi tulikuwa tunavua nguo, dada. Kumchoma nani?

Fundi: Mjomba ametangaza kwamba hawatambui nyinyi tena. Msemaji wao kasema walikuwa wanafuga nyoka bila kujua. Kasema jeshi liko njiani kuja kuwanyang'anya silaha.

Stoo: (anacheka kidogo) Acha hizo. Nchi nzima tunaiita Mjomba kana kwamba mama alizaliwa nayo tumbo moja, halafu itutose hivi hivi? Buti nililovaa ni lao. Miaka sita tumepigana vita vyao kuliko vyetu. Kile kilima cha mawasiliano tulikishika kwa faida ya nani? Watu wangapi tulizika pale?

Fundi: Najua.

Stoo: Sasa basi.

Fundi: Basi wakubwa wenzake wa nchi nyingine wamembana. Kila siku ni hilo tu redioni, kwamba anafuga wenye silaha kwenye nchi ya watu, kwamba atafungiwa mafuta, atafungiwa benki. Amechoka kubanwa. Anataka aonekane msafi, na huwezi kuonekana msafi ukiwa bado unatuma malori ya magwanda mpakani.

Stoo: Haya, tuseme ni hivyo. Hao waliochoma forodha wametoa wapi magwanda yetu? Gwanda haliibiwi hapa, nakwambia. Nalitoa kwa saini, nalipokea kwa saini. Tisini na nne yapo hapa miguuni pangu. Haloo?

Fundi: Nipo.

Stoo: Dada.

Fundi: Nimeyashona mimi.

Stoo: Umeshona yapi?

Fundi: Arobaini. Kitambaa kile kile, bega lile lile. Ilikuja oda ya haraka.

Stoo: Mimi sikutuma oda ya arobaini.

Fundi: Najua hukutuma. Oda zako nazijua hata gizani. Unaandika kwa mkono wako, mwandiko wa kuku. Seremala, aliyekatika mkono, koti lake napunguza mkono wa kulia inchi tisa, naupinda. Mpishi kila mwaka namwongezea kiuno. Wengine wote viuno ishirini na nane, thelathini, watu wa mlo mmoja. Sijawahi kuwaona hata siku moja, lakini wakipita mbele yangu nitakwambia huyu ni fulani. Sasa hii karatasi ilikuja imechapwa. Vifua inchi arobaini na nne. Viuno thelathini na sita. Na hakuna mkono wa kupunguza hata mmoja.

Stoo: Ukajua si sisi.

Fundi: Nikajua si nyinyi.

Stoo: Lini?

Fundi: Ile siku ya kuisoma tu.

Stoo: Siku gani, dada? Taja siku.

Fundi: (mtandao unakwaruza) ...tulimaliza siku kumi zilizopita. Lori likayachukua. Halikwenda mpakani, lilikata kona kuelekea kambi yao kubwa.

Stoo: Ukaliona likikata kona.

Fundi: Nikaliona.

Stoo: Siku kumi.

Fundi: Nilimuuliza Msimamizi. Akasema ni ya gwaride, askari wao watavaa kwenye sherehe kuonyesha urafiki. Nikajiambia basi ni gwaride.

Stoo: Ulimwamini?

Fundi: Hapana.

Stoo: Basi ulinyamaza kwa nini? Simu zipo. Leo si umeazima? Ungeazima siku ile.

Fundi: Kibali cha mama kinakwisha mwisho wa mwezi. Bila kibali hospitali inamtoa. Unajua akikosa kusafishwa damu wiki moja inakuwaje, uliona mwenyewe kabla hatujavuka. Msimamizi aliniita ofisini, akafunga mlango. Akasema, fundi, oda hii ikienda vizuri na kimya kimya, kibali cha mama yako nakifuatilia mwenyewe.

Stoo: Ukatuuza.

Fundi: Usiseme hivyo.

Stoo: Nisemeje? Nifundishe neno zuri, nilitumie.

Fundi: Nilikuwa na mama mkononi. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Stoo: Ningepiga simu.

Fundi: Nimepiga.

Stoo: Saa nane. Malori ni saa tisa. Watu wangu wako na fulana, bunduki ziko nyuma ya kufuli la mtu aliyeondoka na godoro, halafu dada yangu ananipigia saa nane.

Fundi: Nitukane baadaye. Sasa hivi toka hapo. Wewe peke yako, pita mlango wa nyuma, kama mtu anayekwenda haja. Tafadhali.

Stoo: Peke yangu?

Fundi: Mama ana mtoto mmoja tu wa kiume.

Stoo: Hawa nao wana mama zao. Nimewavua mimi, dada. Seremala alikataa kutoa bunduki yake, akasema moyo wake hautaki. Nikamcheka mbele ya wenzake. Nikamwambia kwani Mjomba amekukosea nini.

Fundi: Hukujua.

Stoo: Mimi sikujua, ndiyo. Ngoja. Usikate. (kwa mbali) Seremala. Njoo hapa. Hapana, usiulize. Lile bati la ukuta wa nyuma, ling'oeni. Taratibu, bila makelele. Watu watoke watatu watatu, wafuate korongo mpaka msituni, wasipite barabarani hata kidogo.

Sauti ya pili: Tuvae kwanza, afande?

Stoo: Asivae mtu. Yeyote atakayeonekana na gwanda leo ni maiti. Mwende hivyo hivyo na fulana zenu.

Sauti ya pili: Na malori?

Stoo: Malori si ya nguo. Nenda.

Fundi: Wanatoka?

Stoo: Wanatoka. Mpishi amekwama kwenye tundu, wanamsukuma. (anapumua) Hawajaniuliza swali hata moja. Nimewaambia vua wakavua, nimewaambia kimbia wanakimbia. Wananiamini kama nilivyomwamini yule mshenzi wa birika.

Fundi: Na wewe utoke nao.

Stoo: Nitatoka wa mwisho. Dada, ile karatasi iliyochapwa, ya vipimo. Iko wapi?

Fundi: Kwa nini?

Stoo: Iko wapi?

Fundi: Ninayo. Ilitakiwa irudi kwenye faili, mimi nikaibakiza. Iko kwenye mfuko wa aproni.

Stoo: Ina muhuri?

Fundi: Muhuri wa jeshi lao, na tarehe.

Stoo: Basi sikiliza. Hawa watu hata wakifika msituni hawajapona. Watawindwa kila nchi kama wauaji wa kina mama wa kwenye foleni. Hakuna atakayewapokea, hata kijijini kwao. Ushahidi pekee kwamba si sisi ni hiyo karatasi yako. Wale waangalizi wa amani wenye magari meupe bado wana ofisi hapo mjini?

Fundi: Wapo. Mtaa wa pili kutoka hapa.

Stoo: Wapelekee leo. Waeleze kama ulivyonieleza, viuno na vifua, na mkono wa Seremala. Fundi hawezi kubishiwa kwa vipimo vyake.

Fundi: Wakinipeleka mbele ya watu? Jina langu likitajwa?

Stoo: Dada.

Fundi: Nauliza tu.

Stoo: Kuhusu zile siku kumi, nitajaribu kuzisahau. Nakwambia kweli, nitajaribu. Lakini hii usiniangushe. Hawa watu nimewatosa kwa mikono yangu na wewe kwa yako, na hiyo karatasi ndiyo kitu pekee kilichobaki.

Fundi: Nitapeleka.

Stoo: Apa.

Fundi: Haki ya mama. Nikitoka tu kazini.

Stoo: Usisubiri kutoka. Nenda sasa, waambie tumbo linakukata.

Fundi: Sawa. Naenda. (mlio) Salio la mwenzangu linakwisha.

Stoo: Wamebaki kama thelathini. Nasikia injini.

Fundi: Si walisema saa tisa?

Stoo: Walisema mengi. Haraka jamani, haraka, sukuma. Dada, nitakuwa na simu hii mpaka—

Sauti ya mwanamume: Fundi? Unafanya nini huko nyuma?

Fundi: Natafuta kitambaa, Msimamizi.

Stoo: Ni yeye?

Sauti ya mwanamume: Njoo huku kwenye mwanga. Hawa mabwana wametoka makao makuu. Wamepekua faili la ile oda ya arobaini, kila kitu kipo isipokuwa karatasi ya vipimo.

Fundi: Karatasi ya vipimo.

Sauti ya mwanamume: Wewe ndiye uliyeishika mwisho.

Stoo: Mwambie uliichoma. Mwambie ilichanika, ukaitupa na mabaki. Dada.

Sauti ya mwanamume: Halafu nina habari njema. Hiki hapa kibali cha mama yako. Kimetoka leo, kina muhuri, mwaka mzima. Nilikwambia nitakifuatilia, sikukwambia?

Fundi: Ulisema.

Sauti ya mwanamume: Basi lete karatasi, uchukue kibali, kila mtu arudi kwenye kazi yake.

Stoo: Dada, usimpe. Wamebaki kumi tu hapa, wengine wameshatoka, watakuwa hai, wanahitaji— Dada, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Sauti ya mwanamume: Fundi.

Fundi: Hii hapa, Msimamizi. Nilisahau kuirudisha.

Sauti ya mwanamume: Vizuri. Na hiyo simu? Unaongea na nani?

Fundi: Na mtu tu. Hata simjui.

Sauti ya mwanamume: Mbona unalia?

Fundi: Ni furaha ya kibali. (anasogeza simu) Haloo? Samahani, ndugu yangu. Nilikosea namba.

Stoo: (mtandao unakwaruza, na injini karibu sana) Hamna neno, mama. Na mimi nilidhani ni dada yangu.